Jina la Athanasie Kwenye Grupu

Kabuga, 27 Aprili 2025

Dada Alida,

Usishangae kupewa karatasi na Maneno wa lori la mizigo. Nimemkuta anashusha mizigo, nikamwomba anisubiri niandike. Akasema utingo hana haraka ikiwa dereva bado amelala. WhatsApp nimetoka tangu Jumatano. Ukinipigia nitapokea, lakini mambo marefu nitayaandika hivi, kwa sababu karatasi haiwezi kuzunguka soko zima kabla watu hawajamaliza chai.

Unajua nagombea uenyekiti wa ushirika wetu wa wauza vitenge. Jengo jipya la soko linakaribia kwisha, meza za ndani hazitutoshi, na atakayekuwa mwenyekiti ndiye atakayepanga nani aingie na nani abaki nje kwenye vumbi. Mugenzi amekalia kiti hicho muda mrefu, na jamaa zake wameshachagua pa kukaa. Mimi niliahidi bahati nasibu: kila mwanachama achomoe kikaratasi, basi. Ahadi hiyo ilipendwa. Ingrid wangu alinipiga video nikiwa mezani nakunja vitenge na kueleza mipango yangu, na watu wakaitazama hadi Brussels. Kwenye grupu la ushirika nikisalimia tu asubuhi, mioyo inamiminika. Nilikuwa nimeshinda, dada. Niliona kwa macho yangu.

Sasa sikia. Unakumbuka ile sauti niliyokutumia siku niliyogombana na akina mama wakulima wa Ndera kuhusu nafasi ya kutandaza? Nilisema wananuka moshi, wanakuja nusu siku baada ya kulima halafu wanataka meza sawa na sisi, na kwamba nikishinda nitawapanga nje wauze pamoja na nyanya. Nilikuambia wewe, kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi kule Bujumbura, kama nilivyokuwa nikikuambia mambo tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Jumatano sauti hiyo ikatokea kwenye grupu. Yote, kuanzia pale ninaposema "dada yangu" mpaka mwisho. Na mtu akaandika maana yake kwa Kinyarwanda chini yake, ili wale wa Ndera wasomewe, maana Kiswahili hawakisikii.

Siwezi kukataa kwamba ni mimi. Ingrid ananisomea wengine wanavyoandika kuwa sisi tuliokulia Burundi ndivyo tulivyo, tukitaka kuficha neno tunalisema kwa Kiswahili. Grupu lililonijaza mioyo Jumanne lilikuwa linampigia Mugenzi makofi Alhamisi.

Uchaguzi ni tarehe 24 Mei. Nataka kujua kitu kimoja tu: sauti ile imetokaje kwenye simu yangu? Wewe unaishi katikati ya watu wa biashara, unayajua mambo haya. Nishauri.

Mdogo wako,
Joselyne

*

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Mei 2025

Mdogo wangu mpenzi Joselyne,

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, wateja nikawaacha wajihudumie. Pole sana, tena sana. Binadamu gani hajawahi kusema neno akiwa amechoka? Mimi yote niliyowahi kusema juu ya wateja wangu yakisikika, kesho nafunga duka.

Umeuliza imetokaje. Sauti zako mimi nazisikiliza peke yangu, kwa vile vidude vya masikioni, hata shemeji yako hasikii. Kwa hiyo haikutokea huku. Tazama hapo hapo ulipo. Nani hushika simu yako? Si uliwahi kuniambia kwamba ukienda kula unamwachia yule bibi wa meza ya pili, Athanasie, akupokelee wateja? Na yeye si wa Ndera? Simsemi kwa ubaya, simjui. Wewe ndiye unayemjua. Lakini wahenga hawakuwa wajinga waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo jingine. Mtu akichafuliwa mtandaoni hujisafisha huko huko. Ukinyamaza watasema umekubali. Mwambie Ingrid aandike kwamba umeibiwa sauti. Watu wanamwonea huruma aliyeibiwa, hawana muda wa kumsikiliza anayeomba radhi.

Majora ya bluu uliyoagiza yanakuja na Maneno. Kula vizuri. Usiache kusali.

Dada yako akupendaye,
Alida

*

Kabuga, 11 Mei 2025

Dada,

Nimefanya ulivyosema, na mambo yamegeuka.

Kwa kuwa Athanasie humjui, acha nikwambie ni nani. Nilipofika Kabuga kutoka Bujumbura sikuwa hata na pa kutandaza. Yeye ndiye aliyesogeza vitenge vyake akanipa nusu ya ubao. Alinifundisha wateja gani wa kuwafungulia kitambaa na gani wa kuwaacha waangalie tu. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Ndiyo maana nililala na neno lako bila kulitoa. Lakini kila nilipomtafuta mtu mwingine sikumpata. Simu yangu anaishika yeye, na mjukuu wake Mugeni, ambaye huja kumsaidia, anazijua simu kuliko mimi. Nikamuuliza, mukecuru, bibi yangu, kuna mtu amegusa simu yangu? Akasema hajui, yeye huipokea tu ikilia. Alijibu haraka, dada. Sikupenda alivyojibu haraka.

Ingrid akaandika kwamba mama yake ameibiwa sauti na mtu aliyemwamini, bibi anayekaa naye meza kwa meza. Aliponionyesha, nikamuuliza kama ni lazima jina liwepo. Akasema bila jina hakuna atakayeamini. Nikamwambia weka.

Nimerudi WhatsApp, na laiti ungeona. Mioyo imerudi, tena mingi kuliko mwanzo. Watu wanaandika nyoka, msaliti, amekula meza moja na mtoto wa watu akamuuza. Hata wale waliokuwa wakinipita sokoni wakitazama paa sasa wanasimama kunishika mkono. Alhamisi kijana mmoja alikwenda kumpiga video Athanasie pale mezani akimuuliza amelipwa nini na Mugenzi. Bibi akavuta kitenge akajifunika uso. Video hiyo sikuipenda. Lakini ndiyo iliyotazamwa kuliko zote.

Tangu siku ile hajaja sokoni. Asiye na kosa angekuja kujitetea, sivyo?

Ingrid amepitia majina ya walioandika kwamba wako nami, anasema tumezidi nusu ya ushirika. Ninalala usingizi sasa. Asante kwa ushauri wako.

Mdogo wako,
Joselyne

*

Kariakoo, 17 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umeinuka. Naandika kwa haraka, Maneno anapiga honi.

Natacha wetu wa Buyenzi, yule mwenye duka la jumla pale Gisimenti, Kigali, alikuwa huku kununua mzigo. Akanionyesha video ya yule bibi amejifunika uso. Joselyne, inatosha. Mwambie Ingrid amwombe huyo kijana aiondoe, na huyo mama msimfuate tena. Kura umeshazipata, ya nini kumkanyaga mtu? Yeye ni mzee.

Usiniulize sana. Roho tu imenituma.

Alida

*

Kabuga, 25 Mei 2025

Dada Alida,

Nimeshindwa.

Leo ni Jumapili, sikwenda misa. Nakuandikia nikiwa chumbani, Ingrid anapika na hatusemeshani.

Ushirika wetu haupigi kura za karatasi. Wagombea wanasimama mbele uwanjani, na anayemtaka mmoja anapanga mstari nyuma yake, halafu afisa aliyeletwa kusimamia anahesabu vichwa. Ndivyo tulivyochagua tangu mwanzo, na sikuwahi kuona ubaya wake. Mgombea anatazama mbele, haruhusiwi kugeuka mpaka aambiwe. Kwa hiyo mimi nilisikia tu. Mvua ilikuwa imenyesha, nikasikia viatu vikikwama kwenye tope. Nikasikia mtu anakohoa karibu na mgongo wangu, nikashukuru. Upande wa Mugenzi nilisikia vicheko vya watu waliobanana, na vingi vya vicheko hivyo navijua vizuri.

Tulipoambiwa tugeuke, nyuma yangu walikuwepo majirani wa mezani kwangu, wachache wengine niliokulia nao Bujumbura, na Ingrid, ambaye ilibidi atolewe kwa sababu si mwanachama. Mstari wa Mugenzi ulifika kwenye uzio ukapinda.

Wa tatu nyuma yake alikuwa mama mmoja ambaye asubuhi ile ile aliniandikia "Perezida wetu", yaani mwenyekiti, na mioyo mitano ama sita. Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Tulitazamana, na hakuinamisha macho. Baadaye, tulipokuwa tunatoka, nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Mama Ingrid, kuandika ni kuandika. Uwanjani Mugenzi ananiona."

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Wale wa Ndera hawakuwa nyuma ya mtu. Walikuwa wamekaa kwenye majani, wote, wengi karibu sawa na mstari wa Mugenzi, na vikapu vyao magotini. Afisa akawaita, akawaambia kukaa si kuchagua. Ndipo mmoja wao, Twizeyimana, mama mrefu asiyependa maneno, akasimama. Akasema:

"Athanasie alitupitia nyumba kwa nyumba akituombea kura za Joselyne. Tulikataa kwa ajili ya ile sauti. Akatuambia yule ni mwanangu, alichoka, na mtu akichoka mdomo wake unajiendea. Tukamkubalia yeye, si wewe. Halafu mkamfanya mlivyomfanya. Kwa hiyo leo tumekuja kukaa."

Akakaa. Afisa akasubiri kidogo, akafunga hesabu bila wao.

Dada, wangesimama nyuma yangu ningeshinda. Si kwa mengi, lakini ningeshinda. Kumbe nilikuwa na watu ambao hawakuandika popote. Hawana hata simu za kuandikia.

Nisaidie kufikiri, mimi nimeshindwa. Mtu aliyeniuza kwa Mugenzi angezunguka Ndera nzima akinitafutia kura kwa ajili gani?

Mdogo wako,
Joselyne

*

Kariakoo, 1 Juni 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Nimelia nilipoisoma. Usijitese. Mugenzi ana mizizi, na watu wanajali tumbo lao kwanza. Huku kwetu ni hivyo hivyo, mtu anashangilia hapa na kura anaipeleka pale.

Kuhusu yule bibi, pengine alijuta. Mtu akishafanya jambo baya hutafuta namna ya kulipa bila kusema. Nimewaona wengi wa hivyo. Usiende Ndera sasa. Utafungua kidonda, na wale mama wana hasira. Acha muda upite.

Njoo Dar wiki moja. Upumzike, uchague mzigo mwenyewe, shemeji yako akupeleke ule samaki. Mambo ya simu hupita, mdogo wangu. Baada ya miezi hakuna atakayekumbuka jina la mtu.

Dada yako,
Alida

*

Kabuga, 15 Juni 2025

Alida,

Jana nilikwenda Gisimenti kwa Natacha kutafuta kitenge ambacho mteja wangu wa harusi alikitaka. Alikuwa ananipimia kitambaa. Tukaongea habari za Buyenzi, za nani amezaa na nani amekufa, kisha akanipa pole ya uchaguzi. Akasema: "Ile sauti nayo, jamani. Na sisi tulivyocheka na Alida siku aliyonitumia."

Alidhani najua. Aliponiona usoni akaacha kupima.

Sikumgombeza, kwa hiyo akaeleza yote. Kwamba ulimtumia jioni ile ile niliyokutumia. Kwamba mliona inachekesha ninavyomwigiza yule mama wa Ndera anavyoongea. Kwamba kesho yake mteja wake mmoja wa Kabuga alikuwa dukani, naye akamsikilizisha wacheke wote, na mteja akasema nitumie na mimi. Natacha akatuma kama unavyotuma kitu chochote. Hakujua kwamba mteja huyo ni binamu wa Mugenzi. Akanionyesha kwenye simu. Sauti yangu ipo, na chini yake umeweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi.

Sina shida na kucheka kwako. Hata mimi ningecheka. Lakini uliniandikia kwamba unazisikiliza peke yako na haikutokea huko. Uliponiuliza nani hushika simu yangu, ulikuwa unajua. Ulipoandika ile methali, ulikuwa unajua. Juzi tu umeniambia yule bibi alijuta, nisiende Ndera.

Alijutia nini, Alida?

Joselyne

*

Kariakoo, 22 Juni 2025

Joselyne,

Ndiyo. Nilimtumia Natacha. Ni mtu wetu tangu utotoni, na sikufikiri mara mbili.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliogopa. Ungejisoma mwenyewe ungeelewa. Ulikuwa unaandika kama mtu anayetafuta wa kumchoma moto, nikasema nisiwe mimi. Biashara yangu nusu iko kwenye njia ya Kigali. Na wewe ni mdogo wangu pekee niliyebakiwa naye. Nilitaka uangalie upande mwingine kidogo, mpaka uchaguzi upite. Sikujua mtaandika jina la mtu. Nilipoiona ile video nilikuomba muiondoe. Mliiondoa?

Nimekosa, na nitalibeba. Lakini kwa kuwa umeamua tusemane ukweli, tusemane wote. Sauti ilikuwa ya nani? Mimi sikusema mtu ananuka moshi. Mimi sikuahidi kumweka mtu nje na nyanya. Mimi niliuliza swali, aliyesema "weka" ni wewe. Nilikuandikia wazi kwamba simjui huyo mama. Wewe ulimjua. Alikupa nusu ya ubao wake wakati huna kitu, na neno la mtu aliyeko Dar es Salaam lilitosha kukugeuza. Ungekuwa na imani naye hata kidogo, barua yangu isingekuwa na nguvu yoyote.

Uliipenda mioyo ile, Joselyne. Ilipopotea ungemtoa yeyote ili irudi.

Sijui kama utanijibu. Maneno nimemwambia asubiri pale kwako hata kama huna cha kumpa.

Alida

*

Kabuga, 20 Julai 2025

Dada Alida,

Maneno amesubiri mara nyingi na nimemrudisha mikono mitupu, usimlaumu. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Uliyosema juu yangu ni kweli, na mimi bado sijakusamehe. Nilidhani moja litafuta jingine, halikufuta.

Nilikwenda Ndera. Nyumbani kwake hakuna barabara, unateremka kwa miguu katikati ya nyumba mpya za matajiri mpaka mashamba yanapoanza. Nilimkuta anakata mtama na Mugeni. Aliniona nikiwa mbali, akaendelea kukata hadi mwisho wa mstari, kisha akaja akanipa benchi na maji ya kunywa. Akaniita madamu. Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake likielekezwa kwangu.

Nilipiga magoti. Akasema niinuke, udongo utanichafua. Nikamweleza yote, sauti, wewe, Natacha, na mimi nilivyosema weka. Alisikiliza huku akichambua punje za mtama kiganjani. Nilipomaliza akaniambia kwamba hiyo sauti yenyewe hajawahi kuisikia mpaka leo, hana simu ya kusikilizia. Aliambiwa tu na wenzake nilichosema, akaona si kitu cha kumwacha mtu.

"Siku ile nilikuja sokoni kama kawaida," akasema. "Watu wakaanza kunipiga picha. Nikadhani nimeshinda kitu."

Mugeni ndiye aliyemsomea nyumbani, baadaye, yale yaliyoandikwa. Alimsomea machache akashindwa kuendelea.

Aliniuliza kama una watoto. Nikasema unao wawili. Akasema basi usimwandike dada yako huko kwenye simu. Nikamwambia nilichokuja kufanya ni kumsafisha yeye, kwamba Ingrid yuko tayari kuandika upya, na jina lake, na picha nzuri. Akatikisa kichwa. "Jina langu lilikwenda huko bila mimi, na tazama lilivyorudi. Ukilipeleka tena litarudi na nini?" Akapuliza makapi kiganjani. "Kama una la kusema, wale watu wana masikio."

Hapo alisimama kurudi kwenye mtama wake, nikaelewa nimeagwa.

Jengo limefunguliwa, pengine Maneno amekuambia. Bahati nasibu haikufanyika. Mugenzi amesoma majina. Jamaa zake ndani, waliompangia mstari ndani. Akina mama wa Ndera wote nje, upande wa nyanya. Amefanya nilichosema mimi kwenye ile sauti, neno kwa neno, na kwenye grupu wamemwandikia pongezi. Athanasie hayumo popote, kwa sababu kanuni inasema meza iliyokaa wazi mwezi mzima inarudi kwa ushirika.

Mimi nimepewa meza ndani, karibu na mlango. Mugenzi aliitangaza mwenyewe, ili watu waone hana kinyongo. Nilitaka kukataa. Sikukataa. Ingrid yuko chuo, na nje mvua za Septemba zitaniozesha kitambaa. Nakuambia hili kwa sababu umesema tusemane ukweli wote.

Jumatatu nilifunga vitenge vyangu nikaanza kupita meza kwa meza. Nilikwenda kwa kila mtu, hata binamu wa Mugenzi. Niliwaambia kwa mdomo wangu: Athanasie hakugusa simu, sauti ilitoka kwa ndugu yangu mwenyewe, mimi nilimsingizia. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata mtu anirushie kitu.

Hakuna aliyekasirika. Mmoja aliniuliza Athanasie ndiye yupi. Mwingine akasema ah, hayo yalikuwa mambo ya simu, akaniuliza kama bado ninacho kile kitenge cha bluu. Nikaendelea hadi nikafika kwa yule mama aliyeniandikia "Perezida wetu". Alikuwa anakula, akanisogezea kiti. Nilipomaliza kueleza akafuta mikono, akasema: "Tulijua si yeye. Athanasie hawezi hata kuwasha tochi ya simu. Nani asiyejua hilo?"

Nikamuuliza, mlijua wote?

"Karibu wote."

"Na mkaandika nyoka. Wewe mwenyewe uliandika."

"Niliandika."

"Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Ningesemea wapi, Mama Ingrid? Grupu siku zile lilikuwa lako. Ulikuwa umemfanya hivyo mtu aliyekulea. Mimi ungenifanya nini?"

Akarudi kwenye chakula chake. Nami nikakaa kwenye kile kiti mpaka wateja wake walipoanza kupitisha mikono juu yangu.

Mzigo wa mwezi ujao usinitumie, nitachukua mahali pengine. Wasalimie watoto. Waambie shangazi yao mdogo, la, mama yao mdogo, ni mzima.

Joselyne